Fundi Bado na Chumba cha Mama

Nilifika nikiwa na begi begani, nikakuta nyumba nzima inanguruma. Feni tatu kubwa zilielekezwa kwenye chumba kimoja, magodoro yameanikwa uani, na mwanamume mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, amepiga magoti akigonga ukuta kwa kidole, sikio karibu nao.

"Karibu, mgeni. Ruka hiyo waya," alisema bila kugeuka.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu aliyenipangisha chumba cha nyuma, alinieleza. Bomba la darini lilipasuka wakati hawapo, maji yakamwagika siku mbili katika chumba cha mama yake. Mama ana pumu, na Ijumaa angeruhusiwa kutoka hospitali. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mwalimu akamwita mtu ambaye kazi yake ni kurudisha nyumba zilizoharibiwa na maji na moto. Mtaani walimwita Fundi Bado, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kila akiulizwa kama amemaliza.

Nimejifunza kusema "kesho" kwa lugha nyingi, maana ndilo neno ambalo mafundi humpa mgeni kwanza. Huyu hakulitumia. Kesho ni ahadi; bado ni habari tu, na habari haifurahishi kila mtu.

Alhamisi asubuhi kaka wa mwalimu aliingia na ndoo ya rangi nyeupe.

"Fundi, nimeugusa ukuta. Mkavu huu."

"Umegusa ngozi, kaka. Mimi naulizia nyama."

"Kesho mama anarudi, wewe unazungumza na ukuta! Nadhani hata siku ya ndoa yako uliulizwa kama umekubali, ukasema bado."

Fundi alicheka mpaka miwani ikamteleza. Kisha akamwonyesha kipande cha nailoni alichokibandika ukutani jana yake, kingo zote zimezibwa kwa selotepu. Ndani yake matone yaliyotoka ukutani yalikuwa yametanda kama jasho.

"Zamani nilikuwa mpaka rangi," alisema, sasa bila kicheko. "Nyumba ya baba mkwe iliingia maji. Nikataka sifa, nikapaka siku ya tatu. Hazikupita wiki mbili rangi ikavimba, ikabanduka, na ukungu mweusi nyuma yake. Mzee hakunisema. Alihamisha kiti changu tu, kikatazama ukuta ule. Mwaka wa kumi na sita huu, nikienda kumwamkia, nakaa hapo."

Kaka akaiweka ndoo chini. Mwalimu, aliyesimama mlangoni, akauliza taratibu, "Sasa mama atalala wapi?"

Fundi alipita chumba hadi chumba akikagua nailoni zake. Kumbe alikuwa amezibandika kila mahali. Ya ukutani kwangu, ambayo nilidhani inaziba ufa, ilikuwa kavu kama karatasi. Wote watatu wakanitazama. Nikaenda kufunga begi langu, nikahamia kwenye kochi la sebuleni.

Ijumaa mama akaletwa, mwepesi, ameshikwa mikono miwili. Akatazama chumba cha nyuma.

"Leo mimi ndiye mgeni?"

"Kwa siku chache tu, mama," mwalimu alisema.

Alasiri fundi alipakia feni mbili kwenye gari lake. Nyumba nyingine ilikuwa inamngoja, iliyoungua jikoni. Feni ya tatu aliiacha. Akanipa selotepu.

"Wewe upo, mgeni. Kila asubuhi tazama nailoni. Ukiona tone hata moja, asipake mtu."

"Na nikikuta pakavu?"

"Ngoja siku moja zaidi. Halafu nipigie, nije kuhakikisha."

Nilisimama nje mpaka gari lilipokata kona. Niliporudi ndani nilimkuta kaka amekaa juu ya ndoo yake ya rangi, ambayo hakuifungua, nje ya chumba cha nyuma. Sikio lilikuwa mlangoni, akisikiliza mama anavyopumua.