Mke Wangu Hataki Kupanda Pikipiki Yangu, Anapanda ya Sefu

Admin, naomba unifichie jina, maana huku Kilwa tunajuana na mke wangu naye anaufuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, naishi Nangurukuru, kazi yangu bodaboda. Nina mke na mtoto mmoja wa kike. Mke wangu nitamwita Mama Nasra. Ananunua mihogo na machungwa kwa wakulima wa Mitole, anakuja kuuza hapa stendi. Kazi hiyo inamtaka apande pikipiki karibu kila siku, na mumewe ana pikipiki. Sasa niambieni, mwanamke wa namna hiyo apande ya nani?

Anapanda ya Sefu.

Sefu si jina lake la kweli. Ni dereva mwenzangu kijiweni, kanizidi umri kidogo, aliachana na mkewe zamani na hajaoa tena. Anavyoendesha mpaka anaudhi. Kabla ya kukata kona anawasha indiketa, anatazama kioo, halafu anageuza na shingo kabisa aone nyuma kuna nini. Abiria asipovaa kofia ngumu haondoki. Njia panda anasimama hata kama barabara haina gari. Sisi wengine tulikuwa tunamwita bibi harusi.

Zamani Mama Nasra alikuwa anapanda kwangu. Akaanza kulalamika kwamba nakimbia, nayapita mabasi kwenye kona, naongea na simu huku naendesha. Nikawa namjibu kwamba barabara hii naijua kuliko nyumba yangu. Siku moja nikamsubiri, kumbe kashaondoka na Sefu. Jioni nikamuuliza. Alikuwa anamenya mihogo, hata hakuinua uso.

"Baba Nasra, kwako nasoma dua njia nzima. Kwa Sefu nakaa nawaza mambo yangu."

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma. Mambo gani hayo anayoyawaza akiwa mgongoni kwa mwanaume mwingine? Nikaanza kuwachunguza. Nikaona akipanda anamshika begani, wakati kwangu alikuwa anashika chuma cha nyuma. Nikaona anampa chungwa, tena limeshamenywa. Nikaona anacheka. Kijiweni nao wakapata la kusema: "Mwenye mali kakaa hapa, mzigo anabeba mwingine." Nilicheka nao, moyoni naungua.

Siku ya tukio nilikuwa nimeshusha abiria, nikawaona mbele yangu wanatoka Mitole. Nikawafuata. Macho yangu hayakuwa barabarani, yalikuwa kwenye mkono wa mke wangu juu ya lile bega. Nikaongeza mwendo niwapite, nimtazame usoni, nione atafanya nini. Sefu akawasha indiketa ya kulia ili aingie njia ya vumbi. Mimi sikuiona. Yeye akageuza shingo kama kawaida yake, akaniona nakuja, akaacha kukata, akabaki upande wake. Nikawapita kwa kulia, na mbele yangu kuna lori la simenti linakuja. Nikatoka nje ya barabara, nikaishia mtaroni.

Sefu angekata kona bila kutazama nyuma, ningempitia mke wangu ubavuni. Hilo nalijua na sibishani nalo. Lakini kinachoninyima usingizi ni kingine. Nikiwa pale chini, mguu umevunjika, nilimsikia mke wangu anaita. Hakuita jina langu. Aliita, "Sefu, Sefu, njoo." Na Sefu akaja. Alikuwa ameshaweka matawi barabarani ili magari yapunguze mwendo, akanifunga mguu kwa vipande vya mti na kanga ya mke wangu. Watu walipouliza, akasema pikipiki imenishinda. Mpaka leo hajamwambia mtu kwamba nilikuwa nawafuata wao. Wengine wangeshukuru. Mimi kila nikikumbuka wema wake, namchukia zaidi.

Sasa niko ndani na plasta, na Sefu ndiye anamleta mke wangu nyumbani kila jioni. Anaingia kunijulia hali. Nasra anamkimbilia mlangoni kabla sijamaliza kuitikia hodi. Nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza mke wangu kama ana uhusiano naye.

"Sina," akasema. "Ningekuwa nao ningekwambia, siogopi. Ninachoogopa ni kupanda pikipiki yako."

"Mbona siku ile ulimwita yeye?"

"Ulitaka nimwite nani? Wewe ndiye uliyekuwa mtaroni."

Nikavuta shuka, nikageukia ukutani.

Jana Sefu alikuja, akakaa kwenye mkeka, akaniambia, "Mdogo wangu, ukitolewa plasta usirudi kijiweni haraka. Tutatoka wote asubuhi, wewe unaendesha, mimi nakaa nyuma yako. Tutakwenda Mitole na kurudi mpaka uzoee kuangalia." Mama Nasra alikuwa pembeni anakunja nguo. Akaacha kukunja. Alimtazama Sefu kwa namna ambayo mimi sijatazamwa tangu tuoane, halafu akanigeukia. "Ukimaliza hayo na kaka Sefu, nitapanda kwako. Ukikataa, nitaendelea na yeye, na usiniulize tena."

Nikasema nitafikiria. Sefu akaaga, mke wangu akamsindikiza hadi nje. Walikaa huko kitambo, mimi siwezi hata kusimama nikachungulie.

Nikikubali, kijiwe kizima kitajua nafundishwa kuendesha na mtu anayembeba mke wangu. Nikikataa, ndiyo nimemkabidhi kabisa kwa mkono wangu. Na kuna jambo sijamwambia yeyote: ninaamini Sefu hana nia mbaya, na ninaamini mke wangu anasema kweli, lakini roho haikubali. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa na makosa.

Kina kaka na kina dada, hasa nyie madereva wenye wake, msinitukane. Nimpe Sefu jibu gani akija leo jioni?