Mtoto Aliyezuiliwa Kuze

Gharib wa mtaa wa Kuze alikuwa fundi wa kudarizi shingo za kanzu, na mkono wake ulisifiwa mji mzima. Sindano ilimtii, uzi ulimtii, na labda ndipo alipoharibikiwa, kwa kuwa mtu aliyezoea kutiiwa husahau kwamba naye ana wa kumtii.

Mwaka wa tisini na nne alimwacha mkewe, Yumna. Talaka ilipita kwa Kadhi bila kelele. Kelele zilikuja kwa mtoto. Nana alikuwa na miaka saba, binti wao wa pekee, na kila mmoja alimtaka mzimamzima. Shauri likafika Korti Kuu, jaji akaamua kwamba Nana ataishi na mamake huko Majengo, na kila Alhamisi jioni atakwenda kwa babake, arudishwe Ijumaa kabla ya magharibi. Gharib aliitikia mbele ya watu. Karibu mwaka mzima alimrudisha, tena kwa wakati, ijapokuwa kila Ijumaa alirudi Kuze hana hamu hata ya kahawa.

Kisha mamake Gharib, Bi Mejumaa, akateleza chooni akavunjika nyonga. Alilala kitandani akikataa uji, ila ule alioshikiwa bakuli na mjukuu wake. Ugonjwa wa bibi huyo ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini na hili nitalisema: Gharib alifurahi kupata sababu.

Alikwenda kwa Mzee Abdulghafur, ami yake Yumna, ndiye aliyekuwa wali wake, msimamizi wa kumwoza, siku ya nikaha. Wakakaa kibarazani na majirani wawili, kahawa ikamiminwa, halua ikapita, na kabla vikombe havijakauka wakakubaliana kwamba mtoto akae Kuze mpaka nyanyake ainuke. Wakainua mikono, wakasoma Fatiha. Na mtaani kwao jambo lililosomewa Fatiha limekwisha. Nyumba huuzwa hivyo, na wake huposwa hivyo. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza Yumna. Mzee aliyemwoza alijiona bado ana haki ya kumsemea, na wenzake wakaona ndivyo. Wanaume wanne wazima, wala hapana mmoja aliyekohoa!

Ijumaa hiyo Nana hakurudishwa. Jumamosi asubuhi Yumna alisimama mlangoni kwa Gharib, buibui limejaa vumbi la njia.

"Gharib, nipa mwanangu."

"Mambo yamekwisha, Yumna. Fatiha imesomwa. Muulize ami yako."

"Fatiha ya nani? Mimi nilikuwako? Mimi niliinua mikono?"

Nana alikuwa dirishani juu. Alipoisikia sauti ya mamake alipiga ukelele, akashuka ngazi mbio. Gharib akafunga mlango kwa komeo kabla hajafika chini. Alijiambia kuwa mtoto ni mtoto, kesho atasahau.

Hakusahau. Alimlisha nyanyake uji, kisha akarudi dirishani. Usiku alikojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Hatimaye Bi Mejumaa mwenyewe alimwita mwanawe.

"Mrudishe mtoto kwa mamake, mwanangu. Mimi uji huu haunipiti tena."

Hapo ndipo Gharib angeliweza kuokoka. Angelimshika mtoto mkono, akaenda Majengo, akaomba radhi, na pengine yangeliishia hapo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Yumna alishtaki, na tarishi wa korti akamletea Gharib samansi; Gharib akaikunja na kuiweka. Alipomuuliza Mzee Abdulghafur, mzee akavuta uradi wake na kusema, "Mtu na Fatiha yake hakimbilii kortini. Utawatukana wazee." Maneno matamu kwa mtu aliyekuwa akiyatafuta! Siku ya kesi Gharib alikaa dukani akidarizi.

Askari walimjia hapohapo dukani, wakiwa na hati ya kumkamata. Wateja walikuwa wamejaa, maana Idi ilikuwa karibu. Askari mmoja alipanda nyumbani pamoja na Yumna kumchukua Nana, na mtoto akapita mbele ya duka mkononi mwa mamake. Alimwona babake ametiwa pingu. Gharib alitaka kumwita, akageukia ukutani kwa aibu.

Kortini jaji hakupaza sauti.

"Amri hii uliijua?"

"Naam, bwana jaji. Lakini wazee tulikubaliana. Tulisoma Fatiha."

"Fatiha naiheshimu. Lakini amri ya korti hubadilishwa na korti. Mngekuja hapa mkasema mmekubaliana, ningeiandika upya siku hiyohiyo. Basi niambie, mama wa mtoto alikubali?"

Gharib aligeuka nyuma kumtafuta Mzee Abdulghafur. Mzee hakuja, alituma salamu kwamba miguu inamuuma. Gharib akainamisha kichwa, akasema hakukubali.

Alipewa mwezi mmoja katika jela ya Shimo la Tewa kwa kuidharau amri. Alhamisi zake zikaondolewa. Akitoka atamwona Nana kwa saa mbili tu kila Jumapili, nyumbani kwa Tumu, dada yake Yumna, na Tumu awepo muda wote. Wateja wa Idi walikwenda kwa fundi mwengine, na wengi hawakurudi. Hilo Gharib alilimeza. Mwezi ule wa jela alilala akihesabu siku za kufika Jumapili ya kwanza.

Ikafika. Nana alikuwa amekaa mkekani, amebanana na Tumu. Alikuja, akambusu babake mkono, kama anavyombusu mgeni yeyote, akarudi mahali pake.

"Ndoo, mamangu, ukae hapa," Gharib alisema, akipigapiga mkeka. "Nyanya yako akuulizia kila siku. Siku moja, mamako akipenda, na korti ikiruhusu, utakuja umuone?"

Nana alifikiri kwanza. "Nikija, baba, utanirudisha?"

Gharib alifungua kinywa aape. Wallahi ilikuwa imeshafika ulimini, na safari hii ilikuwa kweli tupu. Lakini mtoto hakungoja jibu lake. Alikuwa ameshageuka, akimtazama mamake mdogo usoni, amuulize yeye.