Unasali Wapi?

Miaka ya tisini, kule kwetu Ruiru, mgeni hakuulizwa kwanza jina wala kazi. Aliulizwa, "Unasali wapi?" Ole wako ukose jibu. Mama alikuwa nalo, tena la sauti kubwa: alikuwa ameokoka, na mtaa mzima ulijua. Baba, fundi wa mashine kiwandani Thika, alijibu tu, "Sisali popote," akaendelea na chai yake. Kila Jumapili alibaki nyumbani, baada ya kutung'arishia viatu vya kwenda kanisani.

Hayo hayakunisumbua mpaka nilipopata mchumba. Alikuwa amelelewa na shangazi yake, mama wa kanisa kutoka Theta, na kanisa lenyewe lilimwogopa. Huyo mama alikuwa ameshavunja posa ya kaka yake mchumba wangu, ati upande wa msichana hawamjui Mungu. Sasa alikuwa anakuja kwetu kwa posa yangu. Nilimpenda yule kijana, jamani.

"Mzee, leo tu," Mama alimsihi Baba asubuhi hiyo. "Taja kanisa. Lolote!"

"Nidanganye kuhusu Mungu? Si hiyo ndiyo dhambi yenyewe?"

"Ngai!" Mama akashika kichwa.

Mbuzi alichinjwa na jirani yetu Mwislamu, muuza makaa. Ndiyo ilikuwa kawaida ya ploti yetu: akichinja yeye, sote tunakula. Wageni walipoketi, shangazi akaweka Biblia mapajani. "Mwenye boma atufungulie kwa maombi."

Nikaona harusi yangu ikitoka mlangoni. Baba hata hakutikisika. "Mwenye boma amempa jirani nafasi hiyo," akasema.

Tukafumba macho. Jirani akaomba kwa Kikuyu kitamu ajabu, akaniombea mimi na watoto ambao hata sijawazaa. Shangazi aliitikia "Amina" kutushinda sote. Nyama ilipofika ndipo akauliza, mdomo umejaa, "Huyu mzee aliyeomba ni wa kanisa gani?"

"Ni wa msikitini," Baba akasema.

"Haiya! Na wewe unasali wapi?"

"Sisali popote, dada."

Mama alikuwa amefumba macho tena, na safari hii aliomba kikwelikweli. Shangazi alimtazama Baba, akameza nyama yake.

"Haki ya nani," akasema, "nimeuliza watu swali hili miaka yote, na wewe ndiwe wa kwanza ninayemwamini."

Nilipumua. Nilipumua mapema mno, kwa sababu alimgeukia kijana wake. "Na wewe? Nilipita kwa ile kwaya unayoniambia unaimba kila Jumapili jioni. Hawakujui! Niambie ukweli kama mzee huyu. Unasali wapi?"

Mchumba wangu akapaliwa na supu. Mimi nilijua fika alikokuwa akiimba kila Jumapili jioni: Thika, kando ya maporomoko, tukigombania chipsi za mwisho.

"Thika," akasema kwa sauti ya panya.

"Thika wapi?"

Akanitazama. Nikatazama mfupa.

Hapo baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akifumba macho isipokuwa amelala, akaweka bakuli chini, akasimama, akavua kofia.

"Jamani," akasema, "tuombe."