Alama za Chaki Kwenye Gurudumu la Trela

Mwaka jana mwalimu wa Nuru aliwaambia watoto waandike walikokwenda likizo. Binti yangu, ambaye ana miaka saba, aliandika sentensi moja: hatukwenda popote kwa sababu mama hakumaliza kujiandaa. Nilikaa na karatasi ile mezani nikamkasirikia mtoto kwanza, kisha mwalimu, kisha aliyestahili. Ndiyo sababu ya safari hii ninayowasimulia ninyi mliobaki Morogoro.

Sijaingia darasa lolote tangu nifike Marekani. Kupaka rangi ukuta, kufungua bomba la sinki, kushona mapazia, yote nimejifunza kwenye video, simu ikiwa imeegemea kopo la sukari. Kwa hiyo mfanyakazi mwenza wa mume wangu Idrisa alipotuazima trela lake la kulala, kijumba cha bati chenye vitanda vinne na jiko kinachofungwa nyuma ya gari, nilijifunza kulivuta kwa njia hiyo hiyo. Wiki tatu nilifanya mazoezi kwenye maegesho matupu. Na kwa kuwa ringi zake zilikuwa na kutu, nilivua magurudumu moja moja, nikasugua, nikapaka rangi ya fedha mara tatu, nje na ndani, mpaka kwenye matundu ya nati. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu pasiwe na mtu wa kututazama na kusema wale nao wamekuja na kijumba chenye kutu.

Ijumaa, saa sita mchana, tulitoka mtaani kwetu Langley Park. Barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya reli mpya, magari yanapita kwenye njia moja, na mimi ndiye niliyeshika usukani. Kwenye taa nyekundu mtu mmoja katika gari la pembeni alilitazama trela letu kwa muda mrefu. Nikafunga milango.

"Anatazama rangi yako," Idrisa alisema. "Furahi basi."

"Anatazama kama kuna mtu ndani."

"Si anamwona Salum, amemtolea ulimi?"

Salum, mdogo wake Nuru, ana miaka minne na alikuwa amefanya hivyo kweli.

Mpango wangu ulikuwa kulala kambi ya Greenbelt usiku wa kwanza, kisha Jumamosi kushuka hadi fukwe za ghuba ya Chesapeake. Greenbelt ni karibu mno na kwetu, na Idrisa alinicheka kwamba hata jirani hatajua tumesafiri. Sikumwambia ukweli, kwamba nilichagua mahali ambapo mambo yakiharibika ningeweza kurudi nyumbani kwa miguu na watoto mkononi.

Saa saba mchana tulikuwa kambini, katikati ya miti mirefu iliyonyooka. Kurudisha trela nyuma mbele ya macho ya watu si sawa na kurudisha kwenye maegesho matupu. Mara ya nne ndipo likaingia. Nikashuka na kumgombeza Salum kwa Kiswahili atoke njiani, na hapo mzee mmoja wa miaka kama sitini akainuka kwenye kiti mbele ya hema la jirani.

"Minasikia Kiswahili," alisema akija. "Jambo yenu."

"Shikamoo," nilimjibu.

Akacheka. "Shikamoo ya Tanzania. Marahaba, mama. Mi ni Papa Ilunga, wa Lubumbashi. Munatoka wapi?"

"Langley Park," Idrisa alisema. "Kwetu hasa Morogoro."

"Morogoro. Msamvu." Aliitaja Msamvu, stendi yetu ya mabasi, kama uchochoro wa nyuma ya kwao. "Na mutarudia lini? Batoto beko babili tu? Nyumba mumeacha na nani?"

"Hatukuacha mtu, mzee. Tumefunga tu, mpaka Jumapili."

Nilimfinya Idrisa kiunoni. Akaruka, kisha akaendelea kueleza hadi ghorofa tunayokaa.

Najua mnavyosema mkisoma hapa. Mgeni asiyeulizwa anatoka wapi na kaacha nani nyumbani, huyo hakupokelewa. Kwa mama yangu, nisipoulizwa hivyo, ningeona tumedharauliwa. Lakini nimekaa miaka saba kwenye jengo ambalo jirani akikuuliza unarudi lini, unajiuliza anataka kuingia lini. Na nikiri lililo baya zaidi: angekuwa mzee wa Kilosa nisingeshuku nusu ya hayo. Ukongo wake niliuongeza kwenye makosa yake.

Nikaanza kumchunguza. Mbele ya hema lake palikuwa na viti viwili na vikombe viwili, lakini mtu mmoja. Hema lilikuwa limefungwa zipu. Alimwambia Idrisa kwamba mke wake amelala. Nani analala saa tisa mchana, kwenye kambi, jua linawaka? Nilijifanya napiga picha ya kindi mtini, kumbe napiga namba ya gari lake.

Saa kumi Idrisa alikwenda kuoga kwenye mabafu ya kambi. Mimi niliwapeleka watoto chooni, na tuliporudi nikamkuta Papa Ilunga amechuchumaa kwenye gurudumu letu la kushoto. Alisimama haraka, akarudisha kitu mfukoni.

"Mama, hii roue yenu..."

"Tuko sawa, mzee. Asante."

"Hapana, nilitaka kukuonesha..."

"Baba yao akirudi."

Niliwaingiza watoto, nikafunga mlango na mapazia. Baada ya dakika chache akabisha. Nikaweka kidole mdomoni, watoto wakakaa kimya kama tuko kwenye mchezo. Akabisha tena, taratibu. Nuru aliniuliza kwa Kiingereza, kwa kunong'ona, kwa nini tunamficha babu. Nikampa biskuti. Idrisa aliporudi amejifunga taulo sikumwambia kitu. Angetoka pale pale kwenda kuomba radhi, na mimi ningebaki kuwa mwanamke anayeogopa kila kitu.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla wengine hawajaamka, nilizunguka trela kukagua, kama nilivyojifunza. Kwenye gurudumu la kushoto, juu ya rangi yangu ya fedha, palikuwa na chaki nyeupe: duara kwenye nati moja na duara kwenye nati ya pili. Tulipokuwa wadogo tulisikia kwamba wezi huweka alama mlangoni mchana, kisha usiku huja kwenye nyumba wanayoijua. Hii ndiyo alama yetu, nikasema moyoni, ametuandika. Nikachukua vitambaa vyenye maji vya kufutia watoto, nikafuta maduara yote mawili mpaka rangi ikang'aa.

"Tukamuage mzee," Idrisa alisema tulipokuwa tayari.

"Amelala. Usimsumbue."

Nilikuwa nimeshaona moshi wa jiko lake. Niliwasha gari nikazungukia upande mwingine, mbali na hema lake. Kwenye kioo nilimwona akisimama na kuinua mikono yote miwili. Nilidhani anatupungia. Hapana, nisiwadanganye. Nilidhani anatusimamisha, nikakanyaga mafuta.

Tuliingia barabara kuu inayouzunguka mji, tukaelekea kusini. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyemwahi mwizi. Tulipoacha barabara ile na kushika ya kwenda Upper Marlboro, trela likaanza kuyumba kidogo, kama mtu anayetembea na jiwe kiatuni. Nikapunguza mwendo. Kuyumba hakukuisha.

"Unasikia?" Idrisa alishusha kioo. Kulikuwa na mgongano, ko, ko, ko, ukifuata mzunguko wa gurudumu. "Simama."

"Hapa hapana nafasi."

"Basi pole pole. Pole pole sana, mama Nuru."

Hakuwa na utani tena sautini. Malori yalitupita na kulisukuma trela kwa upepo wao, na kila liliposukumwa nilihisi gari letu likivutwa nyuma pamoja na watoto wawili waliofungwa mikanda, mmoja amelala mdomo wazi. Niliomba Mungu kwa sauti. Nilifika kituo cha mafuta karibu na Upper Marlboro kwa mwendo wa baiskeli.

Gurudumu la kushoto lilitakiwa kuwa na nati tano. Mbili hazikuwepo. Tatu zilizobaki Idrisa alizizungusha kwa vidole viwili.

Aliinuka akafuta mikono kwenye suruali. "Ulizikaza?"

"Nilizikaza. Nilipima, nikarudia." Nikatazama matundu mawili matupu, nikajua ni yapi. "Idrisa, zilikuwa na alama."

"Alama gani?"

Nikamwambia yote pale, watu wakijaza mafuta na kutupita: kubisha, mapazia, maduara, vitambaa, moshi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kwa hiyo alikuwa akituambia," alisema mwishowe.

"Sikujua."

"Hukutaka kujua. Ni tofauti."

Alikwenda duka la vipuri ng'ambo ya barabara akarudi na nati mbili, akazikaza zote, na kwenye magurudumu mengine pia. Nyingine mbili zilikuwa zimelegea. Tukakaa kwenye ukingo wa barabara. Ufukwe ulikuwa mbele, chini ya saa moja. Greenbelt ilikuwa nyuma.

"Zimelegea kwa nini?" Idrisa aliuliza. "Zitalegea tena?"

Sikujua. Video hazikunifundisha hilo, na aliyejua nilikuwa nimemfungia mlango. Niseme wazi: nilitaka kwenda ufukweni. Nilikuwa tayari kuendesha na hofu kuliko kurudi na aibu. Kisha Salum aliamka akaniuliza kama tumefika baharini, na nilipomtazama nikaona nimeshamweka hatarini mara moja leo. Nikageuza gari. Nuru alilia hadi tulipokaribia Greenbelt. Nilikwenda kwa njia za ndani, nikisimama kila baada ya maili chache kuzishika nati kwa mkono.

Saa nne na nusu tuliingia tena kambini. Papa Ilunga alikuwa akikung'uta mkeka, na kwenye kiti cha pili aliketi mwanamke mwenye macho mekundu ya usingizi, amevaa sare ya nyumba ya kutunza wazee na kanga mabegani.

"Ni Mama Béa wangu," Papa Ilunga alisema. "Anafanya kazi ya usiku. Mchana analala kama mutoto."

Nilimsalimu. Kisha nikamgeukia mzee. "Papa, nati mbili zimeanguka njiani."

"Batoto?"

"Wazima."

Akakaa chini. "Mi niliweka chaki," alisema. "Hukuona chaki?"

"Niliiona."

"Njia ya Dar mpaka Lubumbashi nimeendesha camion, lori, miaka ishirini. Chauffeur mwenzako akiwa analala, haumuamshe. Ukiona boulon yake, ile nati, iko mbaya, unaweka chaki. Asubuhi anazunguka camion, anaona, anakaza. Hakuna chauffeur mwenye hajue ile."

"Mimi niliifuta."

"Ulifuta?"

"Kwa vitambaa vya watoto. Vile vyenye maji."

Mama Béa ndiye aliyeanza kucheka, akificha uso kwenye kanga. "Papa, alisafisha," alisema. "Amekusafishia barua yako."

"Mama, weye uko hatari kuliko roue," mzee alisema, na Idrisa akacheka naye. Nilistahili.

Lakini nilipomuuliza kwa nini hakusisitiza, kwa nini hakupiga kelele mlangoni, aliacha kucheka. "Nilibisha mara mbili. Uko na batoto, bwana hayuko, pazia imefungwa. Mwanaume mweusi akibisha mara ya tatu hapa, mwenye kufungua ni polisi. Niliogopa, mama. Nikasema, kesho watakuja kuaga, nitabaambia. Watu ya kwetu hawaendake bila kuaga."

Picha ya namba ya gari lake ilikuwa kwenye simu mfukoni mwangu. Sikumwambia. Naiandika hapa kwa sababu pale sikuweza.

Alichuchumaa akafungua nati moja, akaingiza ukucha kwenye tundu. Rangi ya fedha ikabanduka kama utando wa maziwa. "Nani alipaka humu ndani?"

"Mimi. Mara tatu."

"Iko nzuri sana ya kuangalia. Lakini boulon inataka chuma. Rangi ikisagika, boulon inabaki na nafasi."

Mchana kutwa tulivua magurudumu na kukwangua rangi kwa brashi ya waya, mimi na yeye. Kazi yangu nzuri kuliko zote ilidondoka kwenye majani, vipande vidogo vya fedha, na kila nilipotaka kulainisha ukingo alinipiga kidogo begani: "Acha hapo. Imetosha." Watoto walikula wali wa Mama Béa. Ufukweni hatukufika.

Jumapili, saa nane mchana, tulirudi Langley Park tukiwa na ringi zenye mabaka. Sitawadanganya kwamba nimepona. Jumatatu tu nilimshuku mtu aliyeleta kifurushi kisichokuwa chetu. Nilichopata safarini ni hiki: nilikuwa nadhani kuaga ni heshima anayopewa anayebaki. Kumbe anayeondoka ndiye mwenye kuihitaji, kwa kuwa anayebaki ndiye anayemwona kwa nyuma. Sasa nikiaga nasimama mpaka mwenyeji amalize, hata injini iwe inanguruma na watoto wamefungwa mikanda, hata awe anaongea jambo lisilo na maana. Tulipoondoka Greenbelt nilisimama hivyo mbele ya Papa Ilunga. Alinitazama, akatazama magurudumu yote, akasema hana neno. Ndipo nikawasha gari.