Waya wa Kahawia

Spika zile nilizinunua Nakonde, upande wa Zambia, ng'ambo ya geti la mpaka, kwa mfanyabiashara aliyeniita mulamu, yaani shemeji, kama wanavyomwita kila mtu mwenye pesa mfukoni. "Mulamu, hizi ni monita za studio," akaniambia. "Hazipambi wimbo. Zinakwambia kweli tupu." Nilimwamini. Mpaka leo nayakumbuka maneno yale.

Chumba chetu cha uani pale Tunduma kilikuwa na kompyuta, maiki moja, na trei za mayai nilizozigongelea ukutani kupunguza mwangwi. Kwaya za vijijini ndizo zilizokuwa zikitulisha. Lakini spika sikuzinunua kwa ajili ya kwaya yoyote. Nilizinunua kwa ajili ya mke wangu.

Mke wangu ni mtu wa Iyula, na popote alipoabudu yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Sauti yake ilikuwa ya juu, nyembamba, isiyotetemeka. Akiianza, hata wauza nyanya nje ya kanisa waliacha kuita wateja. Alikuwa pia na rovu, uvimbe ule wa shingoni, kama wanawake wengi wa milimani kwetu, na mwaka ule likaanza kumkaba pumzi. Daktari akasema lazima likatwe. Akasema pia, bila kututazama, kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita palepale na huenda ukaguswa. Njiani kurudi nyumbani mke wangu hakulia. Aliniuliza tu, "Baba watoto, utanirekodi kwanza?"

Amplifaya ilikuwepo, nyaya ndizo hazikuwepo. Kwetu nani ananunua waya dukani? Foleni ya malori haikatiki, na siku zote kuna lori linalofumuliwa umeme pembeni mwa barabara. Rafiki yangu, fundi umeme wa malori, akaniletea waya wa nyuzi mbili, mmoja wa kahawia na mmoja mweupe. Spika ya kushoto niliifunga peke yangu. Ya kulia tulisaidiana: mimi nyuma ya amplifaya, yeye nyuma ya spika. Tulikuwa tunapiga soga za mpira huku tunakaza. Muziki ukatoka pande zote mbili, tukapeana mikono.

Mke wangu akaimba asubuhi, malori yalipokuwa yametulia kidogo. Wanakwaya wenzake wakampigia ngoma na gitaa la besi. Aliimba huku kiganja kakiweka juu ya rovu, kama anayemtuliza mtoto. Nilipokaa kuchanganya sauti, besi ilikuwa nyembamba, haina tumbo. Nikaipandisha. Bado. Nikaipandisha tena, na ngoma nayo, kwa sababu si niliambiwa spika hizi zinasema kweli? Hatimaye ikakaa sawa masikioni mwangu. Nikachoma CD, nikaifungia kabatini tuje tuisikilize pamoja akipona. Kisha nikafuta kila kitu kwenye kompyuta, maana nafasi ilikuwa ndogo na kwaya ya Ikinga ilishafika na mabegi yake. Ndivyo tulivyofanya kazi sote wenye vistudio: wimbo ukishachomwa, unafuta, unapokea mwingine.

Alirudi kutoka hospitali na kitambaa shingoni. Rovu lilikuwa limeondoka, na sauti pia. Alichobaki nacho ni mkwaruzo, pumzi nyingi na maneno machache. Daktari alisema tusubiri. Tumesubiri.

Siku ile aliyorudi niliiweka CD kwenye redio ya sebuleni. Ikatoka ngurumo. Besi ilijaa nyumba mpaka vikombe vikatikisika kabatini, na kila ngoma ilipopigwa, sauti ya mke wangu ilipasuka na kuzama. Nikadhani redio ni mbovu. Nikaijaribu kwa jirani, nako vilevile. Niliporudi, mke wangu alikuwa ameketi mkekani, ananitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Rafiki yangu alikuja kumpa pole mgonjwa, akaisikia ile ngurumo. Akaenda chumba cha uani, akainama nyuma ya spika ya kulia, kisha nyuma ya amplifaya.

"Kaka, huku umepeleka kahawia kwenye chanya?"

"Ndiyo. Kahawia si ndio moto?"

"Moto wa nyumbani huo! Kwenye gari kahawia ni ethi, inafungwa kwenye bodi. Mimi kule kwenye spika nimeipeleka hasi."

Basi. Spika moja ilikuwa ikisukuma huku mwenzake anavuta, na besi zilikuwa zikiuana hewani kabla hazijanifikia, nami nikawa nazipandisha tu. Akageuza nyaya, tukaipiga CD. Kwa mara ya kwanza monita zikasema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa mbaya kuliko ya redio. Hatukulaumiana. Alikaa kidogo, akakataa chai, akaondoka.

Nimeipeleka CD ile kwa mafundi wa kila aina. Wote wananijibu kwamba kilichopasuka wakati wa kuchanganya hakishoneki.

Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, mke wangu huniomba niiweke. Husogea hadi sikio linakaribia kuigusa redio.

"Punguza besi," ananikwaruzia.

"Nimepunguza, mama."

"Punguza tena."

Nakishika kile kitufe mbele yake na kukizungusha, ingawa kilishafika mwisho.