Siku Mjomba Alipoonja Bia Nyeusi Shimoni

Iko asubuhi moja ya Julai ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani Kwaraa ukaifunika Nangara yote, hata mbuzi tulikuwa tunawasikia bila kuwaona. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, mwenye mdomo mrefu, naishi kwa mjomba wangu Baba Anjela. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shimo lake la bia, kamba mkononi, nikisikiliza sauti yake ikitoka chini. Ilikuwa sauti nzuri kweli kweli, na kwa ajili ya uzuri huo nilikaribia kumzika.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuona. Umekuja likizo kutoka Arusha na zile chupa zako za bia nyeusi ya Kijerumani, ile kali, ukafungua moja kwa meno, ukaigugumia umesimama mlangoni. Kisha ukasema, "Bibi, hii kitu ni poa." Poa! Umejuaje kama ni poa wakati haikukaa kinywani hata kidogo? Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na meno yako hayo, nani atakununulia mengine?

Usishangae bibi yako wa Nangara kuijua bia hiyo. Mjomba alipokuwa kijana alifanya kazi kwa bruda mmoja wa Kijerumani, mtawa, kule juu Mbulu. Bruda yule alimfundisha kupika bia ya Kwaresima. Huko kwao watawa walipofunga chakula walikunywa hiyo, nzito, wakaihesabu kuwa ni mkate wa kunywa. Bruda akarudi Ulaya, mjomba akashuka huku kwetu Babati na ujuzi wake na hamira yake kwenye kibuyu, akaitunza hamira ile kuliko ng'ombe. Mkewe, Mama Anjela, alikuwa akisema angejua, angezaliwa hamira.

Mjomba alilima shayiri yake mwenyewe. Aliiloweka, akaiotesha mpaka ikawa kimea, akaikausha juu ya moto mdogo hadi ikawa na rangi ya ganda la mkate. Weusi wa bia hiyo unatoka hapo, mwanangu, kwenye kimea kilichokaushwa kwa subira. Na alikitia kwa wingi, karibu mara mbili ya bia ya kawaida, ndiyo maana ilikuwa kali. Hamira yake haikupenda joto. Ilifanya kazi taratibu kwenye baridi, na bia ikishachacha ililazwa miezi mingi bila kuguswa. Kwa hiyo alichimba shimo nyuma ya nyumba, refu kuliko mtu aliyesimama mabegani mwa mwenzake, akalipoza kwa maji ya chemchemi yaliyopita ukutani kwenye bomba. Juu yake aliweka boriti na kapi la kuinulia mapipa.

Sasa sikiliza namna ya kuionja, maana nikifa mtaendelea kuaibisha ukoo. Usiigandishe kwenye friji, bia iliyogandishwa haisemi kitu. Imimine kwenye glasi, nusu tu, uiinue kwenye mwanga. Utadhani ni nyeusi, kumbe pembeni ni nyekundu, kama chai ya rangi iliyokolea. Inuse kabla hujainywa. Kisha funda dogo, uiache itembee ulimini. Kwanza utakutana na ganda la mkate, halafu sukari guru, halafu zabibu kavu. Ukikutana na uchachu, au uchungu wa mkaa, aliyeipika alikosea. Ukali wake unachelewa. Unakuja mwisho, joto tu kifuani, bila kupiga kelele, na mtu anaweza kumaliza glasi tatu akidhani anakunywa uji.

Kuna jambo jingine ambalo nyie wanywaji wa chupa hamlijui. Bia changa ikiwa inachacha hutoa hewa nzito, na hewa hiyo hulala chini kabisa ya shimo. Haina moshi, haina rangi, na mtu anayeivuta haoni dalili ya kuogopa. Bruda alimwachia mjomba sheria moja. Anayeshuka afungwe kamba kwapani, na akionja ataje kwa sauti kila anachokipata ulimini. Aliye juu arudie neno lile lile. Siku maneno yakiacha kuwa ya bia, vuta. Mjomba alinieleza sheria ile kila tulipofungua shimo, nami nikaitikia "Ndiyo mjomba, ndiyo mjomba," huku akili iko kwenye gauni la sendoff.

Maana wiki ile binti yao Anjela alikuwa anaolewa. Pipa moja la zamani lilikuwa limelala tangu mwaka uliotangulia likingoja harusi. Lakini mjomba aliogopa halitatosha, akashusha pipa jingine jipya, likawa bado linachacha ubavuni mwa lile la zamani. Kwa baridi ile alikuwa amefunika mdomo wa shimo kwa mbao na magunia. Asubuhi hiyo tukaondoa magunia, nikamfunga kamba, akashuka ngazi na bilauri yake mfukoni akiimba nyimbo za kanisani.

"Ganda la mkate!" akasema kutoka chini.

"Ganda la mkate," nikarudia.

"Sukari guru."

"Sukari guru."

"Zabibu. Hee, Paskalina! Kwa bia hii Anjela ataolewa mara mbili!"

Nikacheka. Nikamsikia akikinga tena. Ukungu ukanisogelea mpaka nikawa sioni nyumba.

"Udongo uliolowa," akasema.

Nikarudia. Nilidhani ni ladha ya pipa.

"Moshi wa nyumba ya mama."

Mama yake, yaani bibi yangu, tulikuwa tumemzika nikiwa mtoto mdogo, na nyumba yake ilishabomoka kule Mbulu. Hata hivyo nikarudia. Ndipo sauti yake ikabadilika. Iliacha kuwa ya mtu anayeonja, ikawa ile sauti ya mzee anayebariki.

Wewe umekulia mjini, ngoja nikueleze. Kwetu Wairaqw mzee akishika pombe anaweza kuanza baraka, mstari baada ya mstari, na waliokaa wanamwitikia kwa pamoja kila anapopumua. Mtoto hakatizi baraka ya mzee. Hata nyumba ikiungua, tuliambiwa, mwache kwanza amalize. Basi mjomba akaanza kuwaombea ng'ombe wanenepe, mvua ije kwa wakati, Anjela azae. Mimi juu huku nimeinamisha kichwa, nikawa naitikia, "Na iwe hivyo. Na iwe hivyo." Sheria ya Bruda ikanitoka kabisa kichwani.

Akaanza kuita majina. Akamwita Qamara, akamwita Boay, akamwita Tluway. Wote wazee wa ukoo, wote makaburini. Aliwaita kama unavyowaita watu mliokaa nao, akiwauliza hali, akiwapa nafasi wajibu. Na hapo, mwanangu, likatokea jambo ambalo mpaka leo sina jina lake. Nilipofungua mdomo kuitikia, nikasikia itikio limeshasemwa. Lilitoka chini. Sauti nzito, nyingi, zilizozoeana. Padri niliyemwambia alisema ni mwangwi wa mapipa. Sikubishana na padri. Lakini mwangwi hufuata sauti yako, na ule ulinitangulia.

"Sogeeni," mjomba akawaambia, kwa furaha, "sogeeni nami nikae." Kisha akainua sauti. "Paskalina! Shuka mama. Wamekuwekea kigoda."

Nilivua viatu. Naona aibu kukwambia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilivua viatu kama mtu anayeingia nyumba ya watu, nikaviweka vizuri pembeni, nikatia mguu kwenye ngazi. Sikuwa na hofu hata chembe. Nilijisikia nimealikwa.

Mama Anjela akatokea kwenye ukungu, mikono ina unga wa maandazi. "Anaonja nini sasa?"

"Ameshaacha kuonja," nikamnong'oneza. "Anabariki. Tusimkatize."

"Anambariki nani?"

"Wazee. Nao wanamjibu."

Loo! Alinipiga kofi, mwanangu, kofi ambalo shavu hili bado linalijua. Akaidaka kamba akaipitisha kwenye kapi. "Vuta! Vuta, msichana, kabla sijawa mjane!"

Tukavuta. Na mjomba chini akaanza kuaga. Hakupiga kelele wala hakuomba msaada. Alikuwa anawaaga mmoja mmoja kwa majina, akiwaomba radhi kwamba anaondolewa mapema. Halafu sauti ikakatika. Kamba ikawa nzito, nzito kupita mtu mmoja, kapi likalia, ikakwama. Nikaiachia nishuke nikamnasue. Mama Anjela alinishika gauni kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine. "Ukishuka nitazika wawili," akasema. "Shika kamba. Usiangalie chini. Chochote kilichomshika, na sisi tumemshika."

Sijui tulivuta kwa muda gani. Ghafla kamba ikalegea kama aliyekuwa upande wa pili ameachia, na mjomba akatoka, kichwa kimelala, midomo ya bluu, bilauri bado iko mkononi. Tulimlaza nyasini. Mama Anjela akampepea kwa khanga, akampiga mgongoni, akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia tena. Mwisho mjomba akakohoa, akatapika, akavuta pumzi. Mimi nikalia kama mtoto.

Alipofumbua macho hakusema asante. Alitutazama mimi na mkewe kama watu asiowafahamu, machozi yakimtoka, akauliza, "Mbona mmenitoa?"

Hewa ile ndiyo iliyomlevya, najua, hata daktari alisema hivyo. Lakini mtu akikuuliza swali lile, daktari hakusaidii usiku ukitaka kulala.

Jioni Mama Anjela aliniita jikoni. Nilijua matusi yanakuja. Hakutukana, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alikuwa anakanda unga, hakunitazama. "Paskalina," akasema, "nani alikufundisha kwamba heshima ni kumwangalia mzee akipotea?"

Nikamwambia tumeambiwa baraka haikatizwi.

"Baraka inatolewa na mtu anayejua amekaa wapi," akasema. "Mume wangu alikuwa hajui. Ulisikia anaongea na maiti, ukaona vibaya kumkatiza. Ungekuja na adabu zako hizo msibani, ukanipa pole vizuri, ukapiga na magoti. Mimi adabu hiyo ningeipeleka wapi?"

Nikanawa mikono nikamsaidia kukanda, mimi mwenye mdomo. Tunasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa anaharibika, na neno lilikuwa langu, nikalimeza.

Harusi ikafanyika Jumamosi. Mjomba aliwekwa kwenye kiti cha mbele akiwa bado dhaifu, na bia ilinyweka, watu wakaisifu mpaka wakasahau keki. Mama Anjela alimlazimisha kuchimba tundu pembeni ya mteremko ili ile hewa nzito itiririke nje, na hakuna aliyeshuka tena mpaka tundu lilipokamilika. Mjomba akaishi miaka mingi baada ya hapo. Lakini hakuonja tena peke yake. Alimkalisha mtu mbele yake, akataja ladha, akangoja irudiwe. Kama mtu huyo alikawia kujibu, mjomba aliweka glasi chini akashika meza kwa mikono miwili. Siku moja nikamuuliza kama kweli kulikuwa na watu kule. Akanitazama sana, akasema, "Sikumbuki watu. Nakumbuka kwamba ile ndiyo bia tamu kuliko zote nilizowahi kunywa." Toka siku hiyo nikaacha kudhani kwamba jambo baya lazima liwe chungu.

Mwanangu, sikukatazi bia yako. Ningekukataza ningekuwa mnafiki, maana chupa moja ya zile ulizoacha kabatini haipo, usiitafute. Ninachokwambia ni hiki. Kitu kikali kisichojionyesha ukali, kionje ukiwa umekaa, kidogo kidogo, mbele ya mtu anayekupenda kiasi cha kukupiga kofi. Sema unachokipata. Ukianza kutaja vitu ambavyo havimo kwenye glasi, iweke chini. Na ukimwona mwenzako anazama, hata kama anazama kwa maneno mazuri, hata kama ni mkubwa wako, ni baba yako, ni padri wako, mkatize. Omba radhi baadaye. Radhi huombwa kwa aliye hai.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe ulimi unaojua tamu na unaojua hatari. Akupe kazi isiyokuaibisha, na mke mwenye mikono kama ya Mama Anjela. Ukienda, upokelewe. Ukirudi, utukute. Wazee walio mbele yetu wakuangalie kwa mbali, kwa mbali huko huko waliko. Na siku yangu ikija, mwanangu, ukanisikia nawabariki kwa sauti nzuri kupita kawaida, nikaanza kumwomba mtu msiyemwona asogee nikae, usiniitikie. Nivute.