Kutafuta Bei ya Landrova Yetu

Tuliondoka Mpanda kwa sababu Landrova yetu ilikuwa imeanza kunywa oili kama mgonjwa wa homa anywavyo maji, na mvua zilikuwa karibu. Miaka ile ya tisini, mimi na mume wangu Benedikto tuliishi kwa gari hilo. Lilitubebea dagaa kutoka Ikola, ziwani, hadi soko la Mpanda. Likizima porini wakati wa masika, dagaa wanaoza na wateja wanahamia kwa mwingine. Tulikuwa tumesikia kwamba Sumbawanga yuko mfanyabiashara, Bwana Sefu, ambaye anapokea gari lako kuukuu, analikadiria, nawe unaongeza fedha na kuondoka na pikapu isiyochoka.

Wiki ile ya mwisho mume wangu, Baba Fidelis kama nimwitavyo, hakutulia. Yuko mezani, mara yuko nje, kafungua boneti, kaifunga, kairudia. Watoto tukawaacha kwa mama yangu, tukaondoka alfajiri.

Sitalike tulisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Kiangazi kilikuwa kimeukausha mto Katuma, na viboko walikuwa wamelundikana kwenye tope lililobaki, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake. Ningependa kuwatazama, lakini mume wangu alishaanza kupiga honi.

Mbele ya hapo tukaingia mbuga ya wanyama, na mbung'o walituingilia. Kioo cha upande wangu hakikuwa kinapanda, nikaziba kwa khanga, wakapitia kwenye sakafu. Nilikuwa nawapiga huku nahesabu moyoni kila kilichoharibika: kioo, mlango, gia namba moja inayochomoka. Kila nilipogusa kitu niliona bei ikishuka.

Baada ya Kizi barabara ilipanda, na tulipofika Chala baridi ya Ufipa ilitupokea. Jioni tukaingia Sumbawanga kwa wifi yangu Odilia, dada wa mume wangu. Alitupa ugali wa ulezi na maharage, lakini kaka yake alikula amesimama.

Asubuhi tukaenda sote watatu kwa Bwana Sefu. Pikapu ilikuwa uani, nyeupe, imeoshwa.

"Karibuni. Mmefika lini, na mnarudi lini?" akauliza.

"Jana," mume wangu akajibu. "Na kesho lazima turudi, tumeacha watoto."

Bwana Sefu akaizunguka Landrova. Akapiga tairi teke, akauvuta mlango uliofungwa kwa mpira, akajifuta mikono kwa leso.

"Hii mzee wangu ni chuma chakavu. Naipokea kwa kuwa mmetoka mbali tu."

Bei aliyotaja haikufika robo ya bei ya pikapu. Nikamwona mume wangu anatazama chini, na nikajua anakaribia kukubali. Miaka yote ile njiani, leo anaambiwa chuma chakavu, na hana hata nguvu ya kubisha.

Nikauliza, "Bwana Sefu, akija mtu na fedha mkononi, hana gari la kukupa, hii pikapu unamuuzia ngapi?"

Akacheka. "Ah, huyo inapungua kidogo, mama."

"Inapungua mpaka wapi?"

Akasitasita, kisha akataja. Odilia, aliyekuwa mlangoni, akaguna kwa sauti. Tofauti ya bei hiyo na ile aliyotutajia sisi ilikuwa karibu sawa na kile alichodai kutupa kwa Landrova.

"Kwa hiyo gari letu unalinunua kwa fedha yetu wenyewe," nikasema.

"Nyie kafikirini," akajibu, uso umebadilika. "Ila Jumamosi kuna mtu wa Laela anakuja kuichukua."

Nyumbani kwa Odilia tuligombana. Mume wangu alisema pikapu itaondoka na sisi tutabaki na chuma chetu. Odilia akatuacha tumalize, ndipo akasema: "Kaka, hapa mjini nani anaitaka Landrova? Zote zinashuka bondeni, kwa wafugaji. Kule pikapu haidumu. Sefu anajua atampelekea nani."

Kesho yake, badala ya kurudi nyumbani, tuliteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Njia ni mawe na kona, na upande mmoja bonde la Rukwa limelala chini kabisa, limejaa vumbi. Baba Fidelis alishika usukani, breki zinanuka. Joto likarudi kidogo kidogo mpaka tukavua masweta.

Chini, katika kijiji cha Muze, hatukumaliza hata kunywa chai. Mwanamume mrefu alilikuta gari limeegeshwa, akauliza wenyewe. Aliitwa Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Alitupeleka kwake, na mkewe, Mama Kabula, akatuletea viti na maziwa mgando. Masanja aliuliza habari za njia, akauliza habari za watoto. Ila maswali ya gari yaliulizwa na mkewe.

"Linapanda mlima huu na mgonjwa ndani?"

"Linapanda," mume wangu akasema.

"Mwaka jana dada yangu alizidiwa na uchungu. Tulimpandisha kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hakufika." Akaigeukia Landrova. "Sasa nambie, lenyewe linaumwa nini?"

Mume wangu akanitazama. Nilijua anachoniomba, lakini nilikuwa nimesikia habari ya yule dada.

"Linakunywa oili," nikasema. "Gia namba moja inachomoka ukiwa na mzigo, lazima uishikilie. Kioo hiki hakipandi. Chesisi ni nzima, na mlimani halijawahi kutuacha."

Baba Fidelis akashusha pumzi kama mtu aliyetupa mzigo mtoni.

Mama Kabula akamgeukia mumewe, akasema naye kwa Kisukuma. Kisha akatuambia, "Yule wa kwanza aliyetaka kutuuzia gari alisema lake halina ubovu. Lilikufa kwenye kona ya pili. Twende kwanza, tulione mlimani."

Tukapanda na ndugu zao wanane nyuma. Baba Fidelis aliishikilia ile gia kwa mkono wa kushoto mpaka mishipa ikasimama, na Landrova ikanguruma, ikatoa moshi, ikafika juu. Masanja akashuka, akapapasa boneti kama anavyopapasa fahali. Bei tuliyokubaliana ilikuwa mara mbili ya ile ya Bwana Sefu na zaidi.

Lakini fedha ilikuwa bado inatembea kwa miguu minne. Ilibidi tungoje mnada wa ng'ombe, na mnada ulikuwa baada ya Jumamosi.

Kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko barabara. Mume wangu aliamka kabla ya jogoo, akazunguka zizi. "Yule wa Laela sasa hivi anaendesha pikapu yetu," alisema. Nami nilimjibu kwa ukali, kwa kuwa nilikuwa nawaza hivyohivyo. Kila nilipofumba macho nilijiona nimerudi Mpanda mikono mitupu, masika yameanza.

Mnada ukafika, Masanja akauza ng'ombe, akatulipa mbele ya mjumbe wa kijiji. Tukapanda juu ya lori la mpunga kurudi Sumbawanga, fedha nimeifunga tumboni.

Pikapu ilikuwa palepale uani. Vumbi lilikuwa limeifunika.

"Mtu wa Laela hakuja?" nikauliza.

Bwana Sefu akatabasamu kwa shida, akataja bei ya juu. Odilia, niliyekuwa nimempitia makusudi, akamkumbusha ile aliyoitaja mbele yake. Safari hii mume wangu alilala chini ya pikapu na kuikagua bila haraka, akaiendesha mpaka mwisho wa mji na kurudi, ndipo tukalipa.

Tulirudi kupitia Chala na Kizi. Katikati ya mbuga, Baba Fidelis akasema ghafla, "Ile siku ya kwanza ningekubali."

"Nilikuona."

"Kilichonichosha si bei. Ni lile neno, chakavu."

Sasa majirani wenye magari ya kubadilisha huja kwetu kutaka ushauri. Nawaambia waulize bei ya gari jipya peke yake kabla ya kutaja la kwao, na wachunguze ni watu gani wanalihitaji la kwao, na wanaishi wapi. Ubovu wauseme wenyewe. Na wakiulizwa wanarudi lini, wajibu kwamba bado wapowapo.